Sola ya umeme au hita ya maji ya jua? Anza na hela inapoungulia

Wadau, wiki hii nimepigiwa simu tena: "Bwana shamba, nina milioni mbili, nifunge sola ya umeme au hita ya maji ya jua?" Mimi kabla ya kujibu huwa nauliza: kwa sasa hela yako inaungulia wapi?

Swali hili nilijifunza kwa aibu. Kijana mmoja mfugaji wa ng'ombe wa maziwa huku Njombe nilimshauri afunge paneli na betri: apate taa, achaji simu, na maji ya kuoshea keni achemshe kwa umeme huohuo. Mwezi haukuisha, betri zikaanza kugoma. Akarudi kuosha keni kwa maji ya baridi, na maziwa yake yakakataliwa mara mbili. Sola haikuwa na kosa. Mimi ndiye sikupiga hesabu.

Hesabu yenyewe ni hii. Kupasha lita 100 za maji kutoka nyuzijoto 18 hadi 60 kunakula karibu yuniti 5 za umeme, kila siku. Kwa paneli, hapo unahitaji zaidi ya kilowati moja, inverta ya kuhimili mzigo, na ukitaka maji ya moto alfajiri, betri kubwa. Paneli inageuza kama sehemu moja ya tano tu ya nguvu ya jua kuwa umeme. Hita nzuri inachukua nusu hivi au zaidi, moja kwa moja kuwa joto, na tangi lake ndiyo betri yake.

Tuseme hita ni milioni 2, na sasa unachemsha kwa umeme wa TANESCO, kama shilingi 350 kwa yuniti. Unaokoa 1,750 kwa siku. Hela inarudi kwa miaka mitatu na kidogo. Ukitumia nusu ya maji hayo, ni miaka sita na ushee. Na kama unachemsha kwa matawi ya miti yako mwenyewe, utaokoa muda na macho, sio hela.

Pampu ni habari nyingine. Hapo paneli ndiyo yenyewe: inavuta jua likiwaka, maji yanakaa tangini, betri ya nini? Tuseme unachoma dizeli ya 9,000 kwa siku na mfumo mzima ni milioni 4. Hela inarudi baada ya siku 444 za kumwagilia. Muuzaji atakwambia mwaka na miezi mitatu. Lakini wewe unamwagilia siku 120 kwa mwaka, kwa hiyo ni karibu miaka minne! Hapo ndipo vijana tunapopigwa.

Wa Njombe na Makete, mabomba ya hita yafunikeni kabla ya baridi ya Juni, barafu inayapasua. Na jiko msiuze, siku za mawingu zipo.

Yule kijana sasa ana hita. Paneli amebakiza mbili, za taa na simu. Nyingine aliziuza kwa hasara. Ukishapewa bei na fundi, nipigie kabla hujalipa hata nusu, tukae na kalkuleta.