Utafiti wa Kilosa urudi Kilosa

Desemba 2000, watu 38 waliuawa Rudewa Mbuyuni, wilayani Kilosa, katika mapigano ya wakulima na wafugaji. Mwaka 2009 Tor Benjaminsen wa Norway, Faustin Maganga wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Jumanne Abdallah wa Chuo Kikuu cha Sokoine walichapisha uchambuzi wa mauaji hayo. Hawakuishia kwenye wimbo wa ardhi kupungua na mifugo kuongezeka. Walianika pia rushwa, na jinsi wananchi walivyopoteza imani na waliotakiwa kuwaamulia.

Kazi ya maana. Ila ilitoka kwa Kiingereza, katika jarida ambalo mwenyekiti wa kijiji hana pa kulipata.

Na kabla ya ripoti kuna dodoso. Karani anafika kwenye boma la Wamasai, anauliza: "Mzee, kaya yako ina watu wangapi?" Kwa wanatakwimu, kaya ni watu wanaoishi pamoja na kula chungu kimoja. Bomani kila mke ana nyumba aliyoijenga mwenyewe, chungu chake, na ng'ombe anaowakamua yeye. Mwenye wake watatu ana kaya moja au tatu? Ikiandikwa moja, mifugo yote inakuwa ya mzee, na kina mama hawaonekani tena kwenye jedwali. Wala karani hana kosa. Swali limetungwa mbali.

Na Hifadhi ya Mikumi, jirani na Kilosa, je? Ipo tangu 1964. Mkulima wa jirani haulizi, kama mtafiti, tembo wako wangapi. Anauliza atakesha kwenye dungu hadi lini.

Tanzania iliwahi kufanya vizuri zaidi. Miaka ya 1970, mradi wa Jipemoyo, aliokuwamo Marja-Liisa Swantz wa Finland, uliwashirikisha wanavijiji wa Bagamoyo magharibi, wakiwamo wafugaji wa Kiparakuyo, katika kuchunguza maisha yao wenyewe. Waparakuyo hao hao wapo Kilosa.

Leo mtafiti anapeleka ripoti COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia inayotoa vibali vya utafiti, na kijijini anaacha saini kwenye kitabu cha wageni. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kukaa kila miezi mitatu. COSTECH iongeze sharti moja tu: kurasa mbili za Kiswahili zisomwe kwenye mkutano huo, na wananchi wapewe nafasi ya kumbana mtafiti kwa maswali kabla hajafunga jalada lake.