Barafu ya Mirihi tunaijua, maji ya chini ya Garissa je?

Hakuna binadamu aliyewahi kukanyaga Mirihi, lakini barafu yake inajulikana vizuri tu. Ile ya ncha ya kaskazini ni maji yaliyoganda, yamechanganyika na vumbi. Baridi ikizidi, hewa yenyewe ya kaboni dioksidi huganda juu yake, unene wa kama mita moja, halafu jua likirudi inapaa tena. Kusini kuna tabaka la barafu hiyo kavu, kama mita nane, lisiloisha hata kiangazi. Chini yake ni maji tena. Mwaka 2007 wanasayansi wa rada ya chombo Mars Express walisema barafu ya kusini ikiyeyuka, itafunika sayari nzima kwa kina cha mita 11 hivi.

Sasa turudi kwetu. Chini ya Garissa na Wajir kuna hifadhi ya maji ya Merti, ndiyo inayonywesha kambi za Dadaab. Katikati maji ni matamu, pembeni ni chumvi. Mpaka uko wapi hasa? Mara nyingi mfugaji huujua kisima kikishachimbwa, pesa zishaenda, na chai hainyweki.

Kuna watakaosema, si tulete rada pia, mambo yaishe? Pole pole. Mwaka 2013 serikali na UNESCO walitangaza hifadhi kubwa ya Lotikipi kule Turkana, iliyotafutwa kwa picha za setilaiti na rada. Watu wakashangilia. Maji yalipopimwa baadaye, yakapatikana na chumvi nyingi. Kuona maji si kujua maji. Hata Mirihi, rada ilipima unene, vifaa vingine vikasoma mwanga ndipo ikajulikana ni barafu gani.

Kenya tayari ilirusha setilaiti yake, Taifa-1, Aprili 2023, baada ya misimu mitano mfululizo ya mvua kutufeli. Picha za juu bila vipimo vya chini hazitoshi. Kila kisima kinachochimbwa kwa pesa ya umma kiwekwe kwenye ramani ya wazi mtandaoni: kina chake, chumvi yake, maji yanayotoka kwa saa. Hata kilichofeli kiwekwe, ndiyo jirani asichimbe hasara ileile.

Hii si kazi ya maprofesa pekee. Simu unayo, bando unayo. Diwani akija kuomba kura, wewe muombe ramani.