Lenzi ipi imfaayo mzee wako?

Mzazi akishaambiwa ana mtoto wa jicho, la kufanya linajulikana. Ugonjwa huu hauna tembe wala dawa ya matone ya kuuponya, sharti upasuaji. Linalotatanisha familia ni swali la daktari: tutie lenzi gani mahali pa ile iliyoingia ukungu?

Lenzi bandia si jambo geni. Ya kwanza ilitiwa na Harold Ridley mjini London mwaka wa 1949, baada ya kuona kwamba vipande vya plastiki ya madirisha ya ndege vilivyokwama machoni mwa marubani wa vita havikuleta uvimbe mkubwa.

Lenzi ya kawaida, monofokali, huona masafa mamoja tu, na wengi huchagua ya mbali. Mzee ataitambua matatu ingali mbali, lakini akitaka kusoma gazeti hili au ujumbe wa simu, itambidi avae miwani. Bei yake ni nafuu na picha yake ni safi.

Multifokali nayo ina miviringo myembamba inayougawa mwanga, sehemu ya kuonea mbali na sehemu ya kuonea karibu. Ile ya trifokali huongeza masafa ya kati, kama sentimita 60 hadi 80 hivi, ya kompyuta au sufuria iliyo jikoni. Wengi waliotiwa hizi husahau miwani kabisa.

Hata hivyo, mwanga uliogawanywa hauna nguvu ile ile. Usiku, taa za magari huzungukwa na duara za mwanga, na mtu aliyevaa nguo nyeusi kando ya barabara huonekana kwa shida zaidi. Ubongo huzoea duara hizo baada ya miezi kadhaa, ingawa wako wasiozoea na lenzi ikalazimika kubadilishwa. Je, baba yako huendesha lori usiku? Mimi ningemshauri abaki na ya kawaida. Mama anayeshona mchana kutwa na asiyeendesha gari, huyo ana sababu ya kuifikiria multifokali, mradi pesa zipo. Kuuza shamba kwa ajili ya kukwepa miwani ya kusomea, la hasha!

Ipo pia inayorefusha upeo wa kuona, kutoka mbali hadi kati. Duara zake aghalabu ni chache, lakini maandishi madogo bado yatadai miwani.

Mwenye glaukoma, au ambaye kisukari kimemharibu retina, kwa kawaida hushauriwa asitiwe multifokali. Kwa hivyo dai jicho lipimwe hadi nyuma kabla ya kulipa chochote. Na kwa kuwa macho hupasuliwa moja moja aghalabu, muulize daktari kama mnaweza kungoja muone la kwanza linavyofanya kazi usiku, ndipo muamue la pili.