TULIMNYIMA MENEJA NAULI, TUKANUNUA CHUMA

Ndugu wanachama,

Mashine ya kumenya kahawa tuliyonunua imelala ghalani msimu wa pili huu, kuku wanatagia chini yake. Kila anayepita anamlaani meneja. Sisi tunasema laana hiyo tugawane.

Tukumbushane. Kabla ya kununua, meneja aliomba mkutanoni nauli na posho ya siku tatu, akaonane na mameneja wenzake wa vyama vingine, aone wao wanatumia mashine gani. Ukumbi ukalipuka. Eti anataka kuzurura! Eti kahawa iko hapa, yeye anaifuata wapi? Mikono ikanyooshwa, na ya kwetu ikiwemo, tukamnyima. Basi akabaki ofisini. Na aliyemfuata ofisini ni nani? Muuza mashine, na karatasi zake zenye picha za rangi. Meneja asiyejuana na wenye kazi kama yake atamwuliza nani, kama si muuzaji? Na muuzaji gani atakwambia ubaya wa mali yake?

Ubaya wenyewe tumeujua kwa hasara. Mashine ile inatoa ganda la nje tu. Utelezi unabaki kwenye punje, inabidi kahawa ilale kwenye tangi mpaka utelezi ulegee, halafu ioshwe kwa maji mengi. Maji yapi, jamani? Zamu yetu ya mfongo ni siku mbili kwa wiki. Kahawa ikangoja maji, ikanuka, ikashuka daraja. Bei mnaijua, mliipokea wenyewe.

Kumbe ng'ambo ya korongo wana mashine ya aina nyingine, inayotengenezwa Colombia, inayosugua utelezi humo humo kwa maji kidogo. Waliijuaje? Meneja wao alisoma chuo cha ushirika Moshi na mwenzake ambaye chama chake kilitangulia kuitumia. Wakapigiana simu, akaenda, akaiona ikifanya kazi. Akauliza vipuri vinapatikana wapi, fundi ni nani, na imewahi kuwakwamisha lini. Maswali hayo hayamo kwenye karatasi za rangi. Sisi tuliojifunza kusoma ukubwani tunalijua hili: uliyekaa naye benchi moja ndiye unayemwuliza bila haya.

Wako wanaosema chama chetu ni kidogo, hatuna fedha za mitambo ya kisasa. Uongo. Fedha tulikuwa nazo, ziko ghalani chini ya kuku. Wengine wanasema wale wa ng'ambo tuligombana nao maji. Ndiyo, tuligombana, na hata sasa hatujamaliza. Lakini ugomvi wa mfongo unamzuiaje mtu kuuliza habari ya mashine?

Chama cha kwanza cha wakulima wa kahawa hapa Kilimanjaro kilianzishwa mwaka 1925, na kazi yake mojawapo ilikuwa kupambana na wadudu na magonjwa ya mibuni. Wazee wetu waliona kwamba mtu wa kihamba kimoja hawezi kujua yote peke yake. Leo sisi wajukuu tunamfungia meneja ofisini na kuita hiyo kubana matumizi.

Naye meneja asicheke. Huko nyuma alikwenda semina mara mbili, hatukusikia neno wala kuona karatasi. Aliyoyasikia alikaa nayo, na watu aliojuana nao ni wake, si wa chama. Ndiyo maana tulimwita mzururaji. Safari hii asiende peke yake. Aende na mama mmoja katika wale wanaoosha kahawa, maana wao ndio watakaoishika mashine, na wakirudi wasome taarifa mbele ya mkutano, kisha tuibandike hapa hapa ukutani.

Jumamosi saa nne tunaileta tena hoja: nauli ya watu wawili, siku tatu. Mkutano utafanyika ghalani. Anayepinga aje apinge akiwa amesimama kando ya ile mashine.

Katibu wa Tawi