Kinini Kinapochoma Ngozi

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama wa nyumba, mtu akitokwa na vipele, watu wa kambi wanasema upesi: ni asidi ya kiwandani, ao ni ulozi. Nani anauliza ni kinini gani alikunywa wiki hizi?

Kuna alama moja isiyodanganya. Mtu anakunywa Bactrim, na doa la mviringo linatoka juu ya mdomo, mkono ao sehemu ya siri. Linawasha, linapona, linaacha weusi. Miezi inapita, anakunywa tena, doa linarudi pahali palepale. Mlozi gani anakumbuka pahali vizuri hivyo? Ni dawa.

Lakini kuna jambo kubwa zaidi, na hilo linaua. Linaanza kama mafua: homa, koo, macho yanauma. Kisha vidonda vinajaa kinywani, ngozi inatoa malengelenge na kuchubuka kama ya mtu aliyemwagiwa maji ya moto. Munganga Lyell wa Uskoti aliandika juu ya ugonjwa huo mwaka 1956. Mara nyingi unatokea kati ya siku 4 na siku 28 kisha kuanza dawa, ndiyo sababu mgonjwa hakumbuki tena kinini. Zinazojulikana sana ni dawa za sulfa, nevirapini, na dawa za kifafa kama karbamazepini. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vema. Basi tazama macho na kinywa, na uliza kama ngozi inauma. Ukiona hivyo, acha kinini na uende hospitali usiku uleule. Usitoboe malengelenge, usipake mawese.

Mimi sipingi dawa hizi, zinaponyesha watu wengi. Ninapinga kinini cha soko kilichofungwa katika kipande cha gazeti, na desturi ya kumpa jirani vilivyobaki. Kinini kisicho na jina kikikuchoma, tutakukataza nini? Leta karatasi yake, hata ikiwa tupu.

Jina la dawa iliyokuchoma liandikwe kwa wino mwekundu katika kitabu chako cha hospitali, na wewe uliweke mfukoni pia, kwani ukiumia shimoni usiku, anayekupokea hakujui. Bactrim na Fansidar ni za ukoo mmoja: ukikatazwa moja, usiguse ya pili. Mama mwenye mimba anayepewa Fansidar ya kuzuia malaria aseme mbele ya kumeza.