Mkopo umekwisha, zile elfu nane ziende wapi?

Leo nimeiweka kando mada niliyokuwa nimeahidi, kwa sababu barua ya mama mmoja mwalimu wa shule ya msingi imenikalisha chini. Anaishi karibu na Keroka, mji ule ambao mgeni akivuka barabara hajui kama yungali Kisii au ameingia Nyamira. Jina lake nitalihifadhi.

Mama huyu alichukua mkopo wa Sh400,000 katika Sacco ya walimu ili amalizie nyumba. Alipewa miaka sita ya kulipa, akawa anakatwa Sh8,000 kila mwezi kabla mshahara haujamfikia. Lakini hakungoja miaka sita. Kila bonasi ya majani chai ilipoingia mwezi wa Oktoba, aliipeleka yote kupunguza deni, ilhali majirani walikuwa wakinunua redio na kuchinja kuku. Miaka minne na nusu ikampata akibakiza kato moja tu.

Ungedhani ameandika kushangilia. La hasha! Anasema hivi: tangu aambiwe kwamba mwezi ujao ndio wa mwisho, moyo umemlegea. Anajua inampasa aanze kuweka akiba ya uzeeni, kwani ana miaka 47 na mwalimu hustaafu akiwa na 60. Lakini ile hamu ya kulipa deni haioni kwenye akiba. "Deni lilikuwa likiniamsha," ameandika, "akiba hainiamshi." Tena mumewe tayari ameanza kutaja mkopo mwingine, wa gari dogo la kubebea abiria.

Msomaji, wengi wetu hatujawahi kuandikiana na benki mkataba wa mkopo wa nyumba kama wanavyofanya watu wa Ulaya. Kufikia 2023, mikopo ya aina hiyo katika benki zote za Kenya ilikuwa kama 30,000 tu. Huku kwetu Gusii nyumba hujengwa juu ya kipande cha shamba la ukoo, na pesa hutoka kwa Sacco, kwa chama, au kwa chai. Hata hivyo ugonjwa ni ule ule, na nimeuona hata kwangu. Nilipomaliza mkopo wangu wa kwanza nilijiambia kwamba sasa nitaweka akiba. Baada ya miezi mitatu nilijaribu kukumbuka zile pesa zilikuwa zikienda wapi nikashindwa. Sikununua kitu. Ziliyeyuka tu, sukari hapa, nauli pale, mchango wa mazishi kule.

Hebu tujiulize basi, deni lina nini ambacho akiba haina?

Kwanza lina tarehe ya mwisho. Pili lina hesabu inayoshuka. Kila mwezi unaona umepungukiwa na mzigo, na wewe uliyelipa zaidi unaona ukishuka kwa kasi. Lakini la tatu ndilo kubwa, na ndilo tusilolisema: deni la Sacco lina wadhamini. Ni walimu wenzako waliotia sahihi, unaokunywa nao chai saa nne. Ukikosa kulipa, akiba zao ndizo zitakazoliwa. Mama huyu hakuwa akiamshwa na deni hasa. Alikuwa akiamshwa na nyuso za watu wanne katika chumba cha walimu.

Wazee wetu walilijua jambo hili. Katika risaga, majirani walikusanyika kulima shamba la mmoja wao, na wewe ulijikokota asubuhi hata kama mgongo unauma, maadamu kesho wao wangekuwa kwako. Mtu peke yake na jembe lake hulala saa moja zaidi.

Sasa akiba inakuja bila tarehe, bila mdhamini, na hesabu yake hupanda polepole mno. Tukubali ukweli huo badala ya kumwambia mama huyu ajikaze. Amejikaza miaka minne na nusu! Kinachohitajika ni akiba ivishwe nguo zile zile za deni.

Njia yenyewe ni nyepesi kuliko anavyodhani. Lile kato la Sh8,000 lisitoke kwenye hati ya mshahara. Libadilishwe jina tu. Aandike barua kwa Sacco yake, iwe ni Gusii Mwalimu au nyingine yoyote, aseme kwamba mkopo ukiisha, kiasi kile kile kiongezwe kwenye akiba yake ya kila mwezi. Mshahara utakaoingia mkononi utakuwa ule ule ambao nyumba imeuzoea. Pesa ambayo haijaonekana haiombwi na mtu. Ikionekana mwezi mmoja tu, itapata wenyewe: shemeji mwenye mgonjwa, mtoto anayetaka viatu vya mpira, kamati ya harambee. Na siwalaumu, haja zao ni za kweli.

Haya, tupige hesabu, kwa maana hapa ndipo mioyo ya wengi huvunjika. Elfu nane kila mwezi ni Sh96,000 kwa mwaka. Tuseme Sacco inalipa riba ya asilimia 10 kwa mwaka. Kuna miaka itakuwa chini ya hapo, na kodi nayo ina sehemu yake, lakini tuichukue hiyo kwa mfano. Mwaka wa pili riba yake yote itakuwa Sh9,600. Ni kidogo! Haifiki hata bei ya mbuzi mzuri. Mwaka wa tatu atakuwa na Sh317,760, karibu zote zikiwa jasho lake mwenyewe. Hiki ndicho kipindi ambacho watu hukata tamaa na kuamua kwamba afadhali kununua ndama.

Lakini avumilie aone. Mwaka wa tisa, riba peke yake itapita Sh109,000, yaani itakuwa zaidi ya zile Sh96,000 anazoweka. Kuanzia hapo pesa inafanya kazi kuliko mwenyewe. Akifika miaka 60, baada ya miaka 13, ataipata kama Sh2,354,000, na alizotoa mfukoni ni Sh1,248,000 tu. Bei za vitu nazo zitakuwa zimepanda, hilo silifichi. Hata hivyo, ni afadhali kupanda pamoja nazo kuliko kubaki chini ukizitazama.

Hesabu hiyo ina sharti moja. Riba ya Sacco hulipwa mara moja kwa mwaka, aghalabu baada ya mkutano mkuu, na wanachama wengi huipokea kama bonasi nyingine. Ikichukuliwa kila mwaka, ile milioni ya pili haitakuwako. Mama huyu aagize kwa maandishi kwamba riba yake irudishwe ndani ya akiba.

Kuhusu mumewe, nitasema polepole, maana sitaki kuitwa mchongezi. Gari la abiria si wazo baya. Lakini siku ya kumaliza mkopo ndiyo siku mbaya kabisa ya kuchukua mwingine. Siku hiyo hati ya mshahara inang'aa, karani anakuonyesha kwamba unaweza kukopa mara tatu ya akiba yako, na wewe una fahari ya mtu aliyeshinda. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema makato yasizidi theluthi mbili ya mshahara, kwa hiyo utapata angalau theluthi moja. Sheria hiyo inakulinda usife njaa, haikulindi usizeeke mikono mitupu. Ningewashauri mume na mke wakae miezi sita bila deni lolote. Miezi hiyo mama aweke akiba yake, naye baba watoto aweke kando kila mwezi kiasi ambacho angelipia gari. Akiweza, wazungumze tena. Akishindwa, gari limekwisha kujibu.

Kuna hatari nyingine ambayo mwandishi wangu hakuitaja, na nadhani bado haijamgongea mlango. Mwalimu asiye na mkopo ni mtu wa kutafutwa. Watakuja wenzake wakiomba awadhamini, na kwa kuwa wao walimdhamini, atatoaje macho kuwakataa? Akumbuke kwamba akiba yake ndiyo inayowekwa rehani. Mwenzake akiacha kulipa, ile akiba ya uzeeni itakatwa. Adhamini, ndiyo, lakini apime: watu wawili anaowajua mwendo, kwa mikopo midogo, na mkopo mmoja uishe kabla ya mwingine. Hiyo si choyo.

Bonasi ya chai nayo? Alipokuwa na deni aliipeleka yote, na ilimsaidia sana. Katika akiba asiitegemee. Mnakumbuka Oktoba 2025, wakulima wa Kisii na Nyamira walivyolalamika kwamba wamelipwa kwa kilo kidogo sana kuliko wenzao wa mashariki ya Bonde la Ufa. Mpango uliosimama juu ya bonasi mwaka huo ulianguka. Bonasi iwe nyongeza. Nusu iingie katika akiba, na nusu iliwe nyumbani, kwa furaha, bila kujuta. Watoto waliomwona mama akibana miaka yote hiyo wana haki ya kuonja.

Tena asiweke mayai yote katika kikapu kimoja. Mapema 2025 tulisoma habari za KUSCCO, ule muungano wa Sacco, ambapo wakaguzi waligundua hasara ya zaidi ya Sh13 bilioni, na Sacco zilizokuwa zimeweka pesa huko ziliumia. Ahakikishe Sacco yake ina leseni ya SASRA. Akiba ikishakua, sehemu inaweza kununua dhamana za serikali. Huanzia Sh50,000, riba hulipwa kila miezi sita, na tangu 2023 mtu hufungua akaunti ya DhowCSD kwa simu bila kwenda Nairobi. Asisahau pia kwamba tayari anakatwa asilimia 7.5 kwa mpango wa pensheni ulioanza Januari 2021, na serikali huongeza asilimia 15. Hajaanza kutoka sifuri, ingawa barua yake ina sauti ya mtu anayedhani hivyo.

Basi mdhamini wa akiba yake awe nani? Mimi nasema atafute mwalimu mmoja mwenye umri kama wake, anayemaliza mkopo pia au aliyemaliza. Kila mwisho wa mwezi wa tatu waonyeshane taarifa za Sacco, wakati ule ule wa chai ya saa nne. Hakuna faini wala mwenyekiti. Ni jicho la mtu mwingine tu juu ya karatasi. Na tarehe anayo tayari: siku atakayotimiza miaka 60. Aiandike kwenye kalenda ya jikoni kama alivyokuwa akiandika mwisho wa mkopo.

Mwishoni mwa barua ameuliza, kwa aibu kidogo, kama ni dhambi kununua kochi. Kochi walilo nalo limetoboka tangu kabla ya mkopo. Mama, nunua kochi, kwa ile nusu ya bonasi, si kwa elfu nane. Lakini barua ya kubadilisha kato ifike ofisini kabla mkopo haujafungwa, si baada. Panda matatu siku ya kazi, uipeleke mwenyewe, urudi na nakala iliyopigwa muhuri. Kisha niandikie Januari, ukishalipa ada za shule, unieleze kama kato bado lipo.