Rudisheni Ukungu Wetu

Hebu tuache unafiki. Wanaodai kwamba Silent Hill 2 "ilikuwa inasubiri teknolojia" ama hawajaicheza, ama waliicheza huku wanachati. Gemu hii ilitoka mwaka 2001 kwenye PlayStation 2 ikiwa kamili. Nimeirudia kwenye PlayStation 3, katika toleo la HD la 2012, na ninachokiona ni kazi ya sanaa iliyosuguliwa mpaka ikachubuka.

Tuanze na ukungu. James Sunderland amepata barua ya mkewe Mary, aliyekwishafariki miaka mitatu nyuma kwa maradhi. Anaufuata mji ule, anashuka kwa miguu njia ndefu ya msituni, na njiani hakuna kinachotokea. Unatembea tu. Ukungu umemeza mbele, umemeza nyuma. Ndiyo, mafundi waliuhitaji, kwani mashine ya wakati ule isingeweza kuchora mji mzima kwa mkupuo. Sasa je, ndo iwe kosa? Mshairi naye hubanwa na vina na mizani, na sijasikia mtu akimwambia avipunguze ili tuone vizuri.

Toleo la HD limeupunguza. Kuna mahali unaona kabisa maji ya ziwa yanapokatikia, kama kitambaa cha meza. Bango la Silent Hill Ranch nalo limeandikwa upya kwa Comic Sans, fonti ya kadi za mchango wa harusi! Jamani.

Chanzo chake ndicho kinachonikera zaidi. Konami hawakuwa wamehifadhi msimbo wa mwisho wa gemu. Studio ya Hijinx ikakabidhiwa msimbo usiokamilika, ikajikuta inapambana hata na makosa ambayo Team Silent walikwishayamaliza zamani. Mchapishaji akipoteza muswada wa mwisho wa riwaya, kisha akatuuzia rasimu yenye jalada jipya, tungemwelewa?

Na hii ni riwaya, tena inayomsoma msomaji wake. Ukikitazama tena na tena kisu alichokuachia Angela, ukiacha majeraha ya James bila tiba, gemu inakuwekea kumbukumbu kimyakimya, na mwisho unaoupata unaelekea kwa mtu aliyekata tamaa ya kuishi. Hakuna aliyekuuliza swali wala kukuwekea vitufe viwili uchague. Umejibu kwa jinsi ulivyoishi mle ndani. Nitajieni vitabu vingapi vinaweza hilo. Kazi ya namna hii inategemea uzito wa kila kitu kidogo: sauti, giza, hata ugumu wa kumgeuza James kwa pedi. Eti ugumu huo ni uzee! James ni karani tu, si komando.

Mtanitajia toleo la Bloober Team la 2024, kwenye PlayStation 5. Ni zuri, sikatai, na kamera ya begani ina vitisho vyake. Ila ile ni tafsiri. Mwenye tafsiri nzuri bado anastahili kuiona asili, na kwenye PlayStation 5 ile ya 2001 huuziwi. Mashabiki wamekwishaikarabati ile ya kompyuta, bure, ukungu ukiwa mahali pake. Mwenye mali anashindwa nini?